Mikaratusi ya Chemchemi ya Kabazi

Jumamosi, Mei 1974

Viganja vinaniuma. Ni mimi, bwana shamba, niliyewaambia watu wa Kabazi wapande mikaratusi kando ya chemchemi. Miti imekunywa maji mpaka akina mama wanachota kwa kikombe.

Leo niliwaomba tuikate. Niliogopa watanifukuza. Mama Wanjiru, jirani wa chemchemi, akanipa shoka.

“Ulituletea wewe, Bwana Shamba. Anza wewe.”

Nilikata mti wa kwanza, nao wakaja wote na mapanga. Kama maji yatarudi, sijui. Natumaini.

Kilichoniudhi ni kiondo cha Mama Wanjiru. Kilikuwa na miche ya mikuyu, miti inayotunza maji, ameiotesha tangu mwaka juzi!

“Mbona hukuniambia?”

“Nilikuambia.”

Kweli aliniambia, nami sikumsikiliza. Kesho tunaipanda, na yeye ndiye atakayenionyesha mahali.