Falaki, kwa L

Sakina, shoga yangu,

Naanza na habari uliyokuwa ukiisubiri: mbunge amekubali kutuona. Jumamosi hii, saa nne asubuhi, ofisini kwake. Tulivyomfuatilia yule mtu, simu hapokei, meseji hajibu, halafu anakuja kukubali sasa, wakati wewe hupo. Nimekasirika na sijui hata nimkasirikie nani.

Duka lako la miwani pale Kinondoni limefunguliwa tena. Mumeo anakaa kaunta mwenyewe, na ule ubao wa herufi za kupimia macho ameuhamishia karibu na mlango, jambo ambalo usingelikubali. Siku ya arobaini yako alinikabidhi darubini yako. Alisema, "Mwalimu, mie nilikuwaga nashikilia miguu ya hii darubini tu, macho yalikuwa ya Sakina. Ichukue." Nikarudi nayo Tabata kwa bajaji, nimeipakata kama mgonjwa, na nililia mpaka Buguruni. Dereva akazima muziki bila kuniuliza kitu.

Wanafunzi bado wanapanga foleni kuitazamia. Ni ileile moja kwa shule zote tulizokuwa tukizizungukia, na ndiyo maana tunamtaka huyu mbunge asimame kwenye bunge la bajeti aombe fungu la sayansi ya anga, shule zipate darubini na walimu tufundishwe kuzitumia. Asiposimama safari hii, tunasubiri mwaka mwingine. Na kikundi chetu bila wewe, sina hakika kama kitaufikia huo mwaka. Watu wameanza kutoa udhuru.

Sasa nikwambie nilivyoharibu.

Unaukumbuka ugomvi wetu wa lile neno. Wewe ulitaka tujiite watu wa falaki, kwa sababu ndilo neno ulilolikuta madrasa mkifundishwa mambo ya kuandama kwa mwezi. Mimi niliyekulia Bukoba nililikuta dukani kwako, nikiwa mtu mzima, na ulimi wangu ukalikataa. Kila nikilitamka linatoka na R. Ulikuwa ukicheka mpaka unavua miwani. "Falaki, mwalimu, siyo faraki. Ukisema hivyo watu watadhani tumefarakana." Mimi nikakujibu kwamba tuseme unajimu tu, kila mtu analijua. Ukaniambia ndiyo shida yenyewe, kila mtu analijua, na anachojua ni yule wa gazetini anayewaambia watu wa Mizani wajihadhari na wapenzi wapya.

Basi msaidizi wa mbunge alipopokea simu hatimaye, akauliza sisi ni akina nani, nililiona neno lako linakuja na R yake. Nikaogopa. Nikasema sisi ni wanajimu.

Akachangamka ghafla. Akasema Mheshimiwa atafurahi sana, Jumamosi kuna nafasi. Nikadhani nimeweza, nikatamani nikimbie dukani nikakwambie. Jana akapiga tena, sauti ameishusha. "Sista, kabla hamjaanza mambo yenu ya bajeti, Mheshimiwa ana ishu moja ya faragha. Anataka kujua kwenye kura za maoni atapita au hatapita."

Sakina, nilikata simu bila hata kuaga.

Kwa sababu swali hilo uliniuliza wewe. Tulikuwa tunafanya mazoezi, wewe ukiwa mbunge, umevaa miwani ya jua ambayo bado ina kibandiko cha bei, umejiegemeza kwenye kile kiti kibovu. Nilikuwa naeleza vizuri tu habari za darubini na walimu, ukanikatiza kwa sauti nzito, "Haya, na mimi nitapita au sitapita?" Nikacheka. Nikakwambia hakuna mbunge atakayeuliza upuuzi kama huo. Nikakuuliza basi jibu lake ni lipi, ukasema, "Ngoja," mteja akaingia, ukaenda kumpima macho. Baadaye ikaja ile homa, ikaja hospitali, na sikuuliza tena. Nilikaa kando ya kitanda chako jioni ngapi nikizungumza habari za mitihani ya wanafunzi na nani amehama Tabata. Nilidhani wakati upo. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba ulikuwa umeshalifikiria, na mimi sikukurudisha kwenye jibu lako.

Leo nimempigia msaidizi nikamweleza ukweli, kwamba sisi hatupigi ramli, tunasomesha watoto habari za mwezi na sayari. Akasema, "Mie nilishamwambia mnatabiri, sista. Hilo utamwambia mwenyewe."

Kwa hiyo nitamwambia mwenyewe. Nilitoka uani nikiwa nimechanganyikiwa, asubuhi jua limeshapanda, nikaangalia juu kama ulivyonizoesha. Mwezi ulikuwa bado upo, mweupe, upande wa magharibi, juu ya nguo za jirani. Nikapiga hesabu. Jumamosi saa nne utakuwa nusu, na bado utakuwa angani. Wewe siku zote ulisema mtu atazame kwanza, maneno yafuate. Basi darubini nitaisimamisha kwenye uwanja wa ofisi yake, nitamwomba atoke nje ainame kidogo, na nitamwacha atazame mpaka achoke. Akiinuka na kuniuliza swali lake, nitamjibu, "Mheshimiwa, kama wewe utapita, sijui. Ninaojua utapita wapi ni huo mwezi, na nataka watoto nao wajue."

Huenda akatufukuza. Huenda akacheka. Wewe ungecheka, shoga, na leo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu uondoke kukutafuta kwa mkono: niligeuka kabisa pale uani nikuonyeshe mwezi, nikakuta kamba ya nguo.

Sijui kama jibu lako lilikuwa hili. Sitajua tena.

Naenda kuisafisha ile lenzi kwa kitambaa chako cha dukani. Mumeo amesema atakuja, atashikilia miguu. Na nakuahidi hili: Jumamosi wakiniuliza sisi ni akina nani, nitasema neno lako. Nimelifanyia mazoezi jikoni wiki nzima, mpaka wanangu wananikimbia. Likitoka na R, nitasimama papo hapo nilirudie, hata mbele ya mbunge, mpaka litoke sawa. Falaki.

Kwaheri, Sakina. Hatujafarakana.

Wako,
Mwalimu