Kanda ya Mchana

4 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Goti bado linakusumbua? Mimi mzima, ila vumbi la makabrasha ya hapa Idara ya Nyaraka limenipa mafua yasiyokwisha. Nimepewa kanda zilizorekodiwa wakati tume ya katiba ilipozunguka kukusanya maoni ya wananchi. Kazi yangu ni kusikiliza na kuandika, ili kila mtu aweze kusoma. Leo nimefika kanda ya ukumbi wa shule yetu. Asubuhi anasimama fundi cherehani, mtoto mchanga anamlilia mgongoni, anasema binti naye arithi nyumba ya babake. Mama, ni wewe! Na huyo mpiga kelele ni mimi! Mbona hukuwahi kuniambia?

Mwanao, Kasuku

15 Machi

Kasuku wangu,

Marahaba. Goti likitaka linanibeba, lisipotaka tunakaa wote. Ndiyo, ni mimi. Ila nakuomba, kanda zilizobaki za siku hiyo mpe mwenzako. Wanaume walinizomea, na nilipogeuka kumtafuta baba yako, kiti chake kilikuwa kitupu. Nikaondoka na wewe mgongoni. Alirudi jioni, akala kimya, akalala. Nilijua nimemtia aibu. Sikumuuliza mpaka tukamzika. Kama alisimama kunikana mbele za watu, sitaki kujua leo. Nimeshazoea kutojua.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Usininunie, nimeisikiliza. Ningewezaje kuiacha? Zamu ya Baba ilifika mchana, wewe umeshaondoka. Nakuandikia kama alivyosema: “Mi-mimi ni seremala. Yule ma-mama wa asubuhi ni mke wangu. Ni-nilitoka kujiandikisha, na mimi niseme. Nyumba ni-niliyojenga ni ya bi-binti yangu pia. A-andikeni.”

Watu wanacheka, Mama. Anawasubiri wanyamaze, halafu anaanza tena tangu mwanzo. Baba huyu huyu, ambaye hata dukani alituma mtu asije akakwama mbele ya wateja! Nimelia mpaka bosi akaniletea chai. Sasa, utaratibu wa ofisi ni kusafisha kigugumizi, tuandike maneno yaliyonyooka. Nikutumie nakala hiyo?

Kasuku

9 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi nimelia, nikacheka, nikalia tena, hadi jirani akaja mbio kuuliza kuna msiba gani. Nikamwambia hakuna msiba, ni mume wangu tu.

Hiyo nakala usinitumie, na mwambie bosi wako asithubutu kumsafisha baba yako. Nakuja Jumatatu kwa basi la asubuhi. Niwekee kanda yenyewe, na kiti chenye mgongo. Unajua, maisha yetu yote, kila alipokwama, mimi nilimrukia nikammalizia sentensi, nikidhani namsaidia. Safari hii nitanyamaza mpaka amalize.

Mama yako