Hajui Kusoma Wala Kuandika

Roma, 12 Novemba 1966

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na Mama pia, na kwamba goti lake limepunguza kumsumbua. Mimi sijambo, ila supu ya bweni la masista ni maji ya moto yaliyoonyeshwa dengu kwa mbali.

Nina habari. Unakumbuka Agosti nilivyokuja na rekoda ya kuazima, nikakunasa ukilumbana kwa mashairi na Settimio pale mkahawani? Mkanda huo nimempelekea Profesa Guidobaldi, yule anayetufundisha ushairi wa Kiitalia tangu enzi za kale. Alisikiliza amefumba macho. Settimio alipomaliza ubeti na wewe ukaudaka kwa kina kilekile bila hata kupumua, profesa alipiga meza. "Binti Ciaralli, huyu ni nani?"

Nikasema ni baba yangu, anachunga kondoo Colfreddo.

Baba, darasa zima liligeuka. Miaka mitatu nimekaa kiti cha nyuma nisifungue mdomo, wasije wakaicheka lafudhi yangu. Siku hiyo niliitwa mbele.

Basi tasnifu yangu itahusu beti zenu za mistari minane, na jinsi zilivyotoka katika makasri ya watawala zikafika malishoni kwetu. Profesa anataka kujua umejifunza wapi. Nimemwambia hukwenda shule. Hebu niandikie mengine.

Mwanao,
Tilla

*

Colfreddo, 27 Novemba 1966

Kwa binti yangu Domitilla,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Goti la mama yako linatabiri theluji vizuri kuliko redio. Jana lilisema, leo imeanguka.

Umeuliza nilijifunza wapi. Shule sikwenda, hilo kweli. Lakini kusoma najua, na usiache kumwambia profesa, maana elimu hiyo sikuipata bure. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, tumeshuka na kondoo uwandani kukimbia baridi. Kulikuwa na mkamuaji mzee, Eliseo. Alikuwa akiniandikia herufi kwa mkaa kwenye ubao wa kukaushia jibini. Nikikamua kondoo kumi, ananipa herufi moja. R ilinitesa wiki nzima. Tulipopanda tena mlimani nilikuwa nawasomea kondoo kwa sauti kitabu chake cha mashujaa na farasi, kimeng'oka jalada, na wao wakitafuna tu kama watu walio kanisani.

Sasa ninavyo vitabu kumi na sita, na vyote unavijua. Kuimba naimba kwa kichwa, lakini mizani niliipata kitabuni. Asikudanganye mtu kwamba beti huota zenyewe kama uyoga.

Mwandiko wangu usimwonyeshe. Mwambie tu.

Mama yako anakutumia jibini na soksi. Ule kipi kwanza, ujue mwenyewe.

Baba yako,
Berardo

*

Roma, 3 Machi 1967

Baba yangu,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Natumaini wote wazima, na kondoo wamezaa salama. Barua yako niliipata, na jibini nimelimaliza.

Profesa amefurahi sana. Naipiga tasnifu kwa taipureta ya masista, kidole kimoja kimoja. Nitaitetea tarehe ishirini Juni. Msihangaike kuja. Ndio msimu wenu wa kukata manyoya, safari ni ndefu, na ukumbi wenyewe ni chumba kidogo tu watu wanakoulizana maswali ya kuchosha. Nakala nitaileta mwenyewe.

Nina kazi nyingi, kwa hiyo barua hii ni fupi.

Mwanao,
Tilla

*

Colfreddo, 18 Julai 1967

Kwa binti yangu Domitilla,

Salamu, na hongera tena. Alama za juu kabisa! Mama yako alizunguka kila mlango akigawa lozi za sukari nyekundu, zile za kusherehekea mtu aliyehitimu, na wale asiowapenda aliwapa nyingi zaidi ili wakome.

Afya zetu si mbaya. Nakala ya kitabu chako bado naisubiri.

Sasa nisikilize. Meya amepokea barua kutoka kwa profesa wako. Akaifungua palepale mkahawani na kuisoma kwa sauti kabla hajajua kilichomo, unamjua alivyo. Profesa anakuja tarehe kumi Agosti, sikukuu yetu, na mashine yake na wenzake wawili. Anakuja kumsikiliza, nanukuu, "mzee Berardo Ciaralli, malenga asiyejua kusoma wala kuandika."

Watu wote wakanigeukia. Kisha Settimio akasema, "Haya, Berardo! Basi hizo barua zinazokwenda Roma nani anakuandikia? Yule kondoo dume?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikamaliza divai yangu, nikaja nyumbani.

Tilla, profesa amekosea, au kuna jambo?

Baba yako,
Berardo

*

Roma, 25 Julai 1967

Baba,

Shikamoo. Hii ni mara ya nne naanza barua hii. Natumaini wewe na Mama ni wazima.

Profesa hakukosea. Ni mimi.

Ana nadharia yake, ameishikilia miaka ishirini: kwamba ushairi huu umetufikia safi kwa sababu ulikaa midomoni mwa watu ambao hawakuwahi kugusa kitabu. Siku ile ya kwanza, nimesimama mbele ya darasa, aliniuliza, "Na kusoma hajui, sivyo?" Nikanyamaza. Akaandika ubaoni. Nikajiambia, barua ya Baba ikifika nitamrekebisha.

Ikafika. Niliisoma nikiwa nimekaa ngazini, nikalia kwa ajili ya ile R, nikaikunja nikaitia mkobani. Kesho yake profesa akaniita ofisini akasema anatafuta msaidizi wa kufundisha, na kwamba baba yangu ndiye ushahidi alioutafuta maisha yake yote. Sikuitoa barua mkobani.

Ukurasa wa kumi na nne niliupiga mwenyewe. Umeandikwa hivi: "Msemaji hajui kusoma wala kuandika, hurudia maneno ambayo mara nyingi hayaelewi." Hayo ya mwisho hakuna aliyeniomba niyaandike. Niliyaongeza kwa sababu sentensi ilionekana fupi.

Na Juni sikuwakataza kwa ajili ya manyoya. Niliogopa ungekuta kitabu mezani kwa profesa ukakifungua. Nilikuogopa wewe, Baba, kama mwizi anavyomwogopa mwenye nyumba.

Nitakuwa na profesa na wenzake kwenye gari tarehe kumi. Nitamwambia njiani, kabla hatujafika. Naapa.

Mwanao, kama bado,
Tilla

*

Colfreddo, 14 Agosti 1967

Kwa binti yangu Domitilla,

Salamu. Profesa alisema umebaki Roma una homa. Umepona? Mama yako alikuwa ameshatandika kitanda chako.

Gari liliposimama nilitazama mlango wa nyuma. Wakatoka wanaume watatu, ukafungwa. Nikajua hukumwambia.

Mama yako aliingia ndani mbio akavikusanya vitabu vyote kumi na sita, akavifungia kwenye kasha la kukandia mkate. Sikumwagiza. Alikuwa analia na huku anavipanga vizuri visikunjike. Aibu niliyoipata siku hiyo niliipata hapo, si kwingine.

Profesa si mtu mbaya. Ana adabu, alimsifia mama yako mkate. Ila aliniongelesha kwa sauti kubwa, kama mtu aliye ng'ambo ya bonde. "MZEE BERARDO, UMELALA SALAMA?" Nikamwambia nimelala, na masikio yameamka.

Jioni mkahawa ulijaa mpaka dirishani. Profesa akatoa mada ya malumbano: kalamu na fimbo. Settimio akapewa kalamu, mimi fimbo. Ubeti wangu nikaufunga hivi:

*Kalamu ni ya wenyewe, mie yangu fimbo hii,*
*Hata leo nisomewe, neno lake silitii.*

Profesa karibu alie. Watu wa Colfreddo wakatazama viatu vyao.

Baadaye akaleta karatasi ya ruhusa, ili beti zichapwe, ya kutiwa saini na sisi tuliolumbana na mashahidi watano. Akanishika bega. "HAPA, MZEE. ALAMA TU. MSALABA UNATOSHA."

Tilla, nilikuwa na kalamu mkononi na jina langu lilikuwa limeshafika kwenye vidole. Nikaona macho ya mkahawa mzima. Nikakufikiria wewe kiti cha nyuma miaka mitatu. Nikachora msalaba. Uliinama upande. Si kazi rahisi kuandika vibaya kwa makusudi.

Akamgeukia Settimio. Nikajua tumekwisha, maana tangu ujana wetu mtu huyu hajapata nafasi ya kunichoma akaiacha. Anasoma gazeti kila siku, hata matangazo ya mazishi ya miji ya watu. Settimio akaitazama karatasi, akaigeuza juu chini, akasema, "Mimi ndio kabisa, bwana. Hata herufi O naiona kama gurudumu." Akachora msalaba. Kisha seremala. Kisha wale ndugu wawili wa kinu cha kusagia unga, na Gaspare mwenye nyuki. Wa saba alikuwa Ottavio, mpeleka barua. Naam, mpeleka barua! Profesa akamuuliza, "Na wewe, ndugu, unafanya kazi gani?" Akasema, "Natembea, bwana." Akachora.

Profesa akawaambia wenzake, "Kijiji kizima! Hamwoni? Kijiji kizima!" Akaondoka ana furaha kama bwana harusi.

Hakuna aliyecheka alipoondoka. Settimio alivaa kofia, akasema, "Mwambie binti yako tumefanya hivi kwa sababu ni wetu. Lakini hatutafanya tena." Akaenda zake.

Sikulaumu kwa kunyamaza darasani. Ulikuwa peke yako, na watu walikuwa wengi. Lakini hayo ya kwamba sielewi ninachoimba, hayo nimeyasoma mara nyingi, na kila nikiyasoma nayaelewa.

Baba yako,
Berardo

*

Roma, 9 Oktoba 1967

Baba,

Shikamoo. Najua ni karibu miezi miwili. Sikuwa na homa wakati ule. Baadaye nikaipata ya kweli, nikaona ni haki. Sasa nimepona. Mama vipi?

Jana nilikwenda kwa profesa. Nilikuta anasahihisha kurasa za kitabu chake kabla hazijachapwa, na ile karatasi yenye misalaba saba ameitia kwenye fremu juu ya meza. Nilikuwa nimepanga maneno. Yakanipotea yote. Nikamwekea mezani barua zako tatu.

"Za nani hizi?"

"Za baba yangu."

"Nani anamwandikia?"

"Yeye mwenyewe, Profesa. Tangu ana miaka kumi na mmoja. Wote saba wanajua kusoma. Mmoja wao ndiye anayewaletea wenzake barua."

Alisoma ile ya Novemba akiwa amesimama. Alipofika kwa Eliseo alikaa. Alisoma na ya mwisho, Baba, sikumficha, mpaka pale alipokuongelesha kwa sauti. Masikio yake yakawa mekundu. Nikangoja anifokee. Akauliza polepole, "Walichora kwa ajili yako?"

"Ndiyo."

"Nami nikawashukuru." Akaigeuza fremu ikatazama ukuta. Kisha akakasirika kweli, na maneno aliyoniambia sitayaandika, kwa sababu yote yalinistahili. Kwamba yeye anaweza kukosea nadharia, watu hukosea. Lakini mimi nilikuwa na ukweli mkobani.

Kitabu amekisimamisha. Nafasi ya msaidizi sina tena, na sikuiomba. Tasnifu nimeandika barua ya kuiondoa. Baraza la chuo litakaa mwezi ujao, huenda wakanivua shahada. Mama ameshagawa lozi, nami sijui lozi hurudishwaje.

Ninakuja nyumbani Jumamosi kwa basi la mchana. Nataka kwenda kwa kila mmoja wa wale saba, nyumba kwa nyumba, nimwombe radhi. Nitaanza na wewe. Kama hutaki nije, nitumie neno tu, nitaelewa.

Mwanao,
Tilla

*

Colfreddo, 12 Oktoba 1967

Kwa binti yangu Domitilla,

Salamu. Sisi wazima. Ottavio ameniletea barua yako akakaa kizingitini mpaka nimalize kuisoma, kisha akasema anakwenda na jibu leo hii hii, kwa hiyo naandika haraka.

Usije Jumamosi. Njoo Jumapili.

Na usiende nyumba kwa nyumba. Ukiwa mlangoni kwa mtu, atakukaribisha, atakumiminia divai, atasema si neno, na wewe utaondoka na aibu yako ileile ukaipeleke mlango wa pili. Jumapili baada ya misa wote huwa mkahawani, pamoja na wale waliocheka na wale waliotazama viatu. Ingia, simama katikati, useme mara moja. Sema kwa lafudhi ya huku.

Settimio atakutolea maneno. Mwache ayatoe mpaka yamwishe. Usilie kabla hajamaliza, atadhani unamkatiza.

Mimi nitakuwa nimekaa nyuma, karibu na mlango. Usinitafute kwa macho, utashindwa kusema. Nitakuwepo.

Baba yako,
Berardo