Kitenge cha Mama

Walikale, baada ya mavuno ya maharage

Kwako Mama Prince,

Nakusalimu kwa amani ya Bwana wetu. Hamjambo hapo Nyabiondo? Goti lako linaendeleaje na kile kilima cha shambani? Sisi huku tu wazima, namshukuru Mungu, ila sombe, hii mboga ya majani ya muhogo, ya Walikale haifikii yako hata kidogo.

Najua utacheka: mtoto ana simu, barua ya nini? Simu nimejaribu. Kila nikijikaza kusema, unaniuliza kama nimekula, kisha mtandao unakatika. Basi soma polepole, peke yako, usimpe Prince akusomee. Yule hana siri, na wewe ulijifunza kusoma kanisani ili usisomewe Biblia na mtu.

Jioni nafundisha watu wazima kuandika. Juzi niliwauliza kila mmoja anataka kuandika kwa sababu gani. Mama Mukankusi alisema gunia lake hubadilishwa sokoni, anataka liwe na jina lake. Papa Hubert alisema anataka kumwomba mke wake msamaha, maana akifungua kinywa wanagombana upya. Tulicheka sana. Kisha wakanigeuzia swali: na wewe mwalimu? Nikafuta ubao, nikajifanya muda umeisha.

Jibu nilikuwa nalo. Unakumbuka vita vilipotufanya tukimbilie Sake, mguu wangu umevimba, na Prince analia anataka kubebwa? Watu njiani walikuambia umshushe mtoto wa mwenzio, ubebe wako. Ukawajibu, “Mutoto haiko wa tumbo tu, iko wa mugongo pia,” ukaendelea kutembea. Sauti yako niliisikia ikipita mgongoni mwako hadi kifuani kwangu. Nilitaka kukuita kwa neno moja, likanikwama. Mama mdogo Emérita, ndugu wa marehemu aliyenizaa, alikuwa amenionya kwamba nikikuita hivyo nitakuwa nimemzika dada yake mara ya pili. Nikabaki na Mama Prince, nawe hukunidai kitu. Lakini neno lile nililiandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko la watu waliotupokea, nikalifuta kwa kiwiko kabla hujaingia. Ndivyo nilivyoanza kuandika.

Sasa habari kubwa. Baada ya Pasaka watu wa mchumba wangu Jean-Claude wanaleta mahari hapo nyumbani. Wameuliza kitenge cha mama watampa nani. Mama mdogo alisema ni chake, kwa kuwa damu ni damu. Mimi nilisema mbele ya wote kwamba ni cha aliyenibeba. Mama mdogo akafuta macho, akaniuliza wewe unapenda rangi gani. Sikujua, maana hujawahi kujichagulia nguo kabla ya kutuvika sisi. Nijibu upesi. Na siku hiyo usijifiche jikoni kusonga fufu. Kiti cha mbele ni chako. Usipokikalia, kitenge kitarudi na wageni.

Nisalimie Papa na Prince, na majirani wote wa kilimani. Nikifika nitaanza kukuita tangu barabarani, wasikie. Kwa leo acha neno lile niliandike tu, na nisilifute.

Asante, Mama.

Ni mimi, mtoto wako wa mgongo,
Vestine