Sikuizima Mimi Pampu ya Duara

Kakola, Bulyanhulu,
Shinyanga.
9 Februari 2025

Mpendwa Mama mdogo Mwahija,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Tanga, na kwamba goti halikusumbui sana na joto hili. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama hajambo ila analia ovyo, na kaka Ibrahimu bega limeshapona. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikifungua mdomo, wewe umeshanijibu.

Ulinishauri nifunike kombe mwanaharamu apite. Nimefikiri, na nimekataa. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Habari uliipata nusu. Nilikuwa nyumbani likizo, na asubuhi ile Mama alinituma nimpelekee kaka chai kwenye duara, lile shimo la dhahabu analochimba na wenzake. Unajua huku wanasema mwanamke akisogelea mdomo wa duara, dhahabu inakimbia. Nilisogea, nikaweka chupa ya chai, nikaondoka. Mchana pampu inayovuta maji ikazimika, maji yakapanda, na Ibrahimu akatolewa kwa kamba, bega limeteguka. Hata hajamaliza kutapika maji, mkosaji alishapatikana: mimi.

Mzee Ansgar, mwenye duara, akatoa hukumu. Tulete mbuzi mweupe, nami nisimame mbele ya wachimbaji niseme nimekosa, ndipo duara lifunguliwe. Mama akakubali. Mbuzi mwenyewe keshafungwa uani kwetu, anatafuna kanga zilizoanikwa. Huyo mbuzi simlaumu.

Sasa nikueleze ninachosomea chuoni, maana ulinicheka ukasema nasomea matundu. Ni kweli, nasomea matundu. Injini ya dizeli, kama ile inayoendesha pampu ya duara, ina kitu kinaitwa nozeli, kinachonyunyiza mafuta ndani yake kupitia vitundu vyembamba mno. Mafuta yanasukumwa humo kwa nguvu ya ajabu. Yanapokata kona ya kuingia kwenye kitundu, mgandamizo unashuka ghafla, na dizeli inachemka bila moto. Vinazaliwa viputo. Viputo hivyo vikipasuka karibu na ukuta, vinatafuna chuma kidogo kidogo, mpaka mafuta yanatoka yamepinda na injini inaishiwa nguvu.

Nimetengeneza tundu kubwa la plastiki linaloonyesha ndani, ili nivione kwa macho yangu. Vinakaa kwenye kona kama ukungu mweupe. Wallahi ni vizuri kuvitazama, ungekuwepo ungeacha kunicheka. Nilipotia petroli kidogo kwenye dizeli, ukungu ukajaa tundu zima.

Na unajua George, fundi wa pampu ya Mzee Ansgar, anatia nini kwenye dizeli asubuhi injini ikigoma? Petroli. Wenyewe wanaita kuiamsha. Ikizidi kugoma, naye anazidi kuiamsha. Nozeli aliyoitoa baada ya ajali alinipa bila ubishi, nikaenda nayo chuoni, nikaipasua katikati. Ndani imeliwa kama mahindi yaliyoingiliwa na dumuzi.

Nimekasirika, Mama mdogo, siwezi kukuficha. Wala si kwa ajili ya jina langu tu. Nikisema nimekosa, watanisamehe, watakula nyama, watafunga nozeli nyingine na kuimiminia petroli ile ile. Siku pampu itakapozimika tena, kamba inaweza kuchelewa. Amani gani hiyo ya kununuliwa kwa roho ya mtu?

Juzi nikarudi duarani. Mchimbaji mmoja akapaza sauti, "Bhebhe, wewe, bado tu unakuja hapa?" Nikapita. Nikamwekea Mzee Ansgar vipande vya nozeli kiganjani na kumweleza yote mbele ya watu. Alivitazama sana, tena kwa upole.

"Mwanangu," akasema, "chuma ni chuma na mwiko ni mwiko. Mbuzi aje."

Nikamjibu kwa adabu kwamba mbuzi haji, na neno la kwamba nimekosa hatalisikia kinywani mwangu. Usidhani mimi ni simba. Hapo ndipo Ibrahimu alipoinuka.

"Mimi sishuki," akasema, "mpaka Zuhra aikague nozeli mpya, na asimame kwenye pampu muda wote nikiwa chini."

Wenzake wawili wakasema nao hawashuki. Mzee Ansgar akaondoka bila kuaga. Jana jioni akatuma mtu: nije Jumatatu, petroli isitiwe, lakini dhahabu ikipotea tusimlilie yeye.

Basi Jumatatu nitakuwa pale pale walipokataza, mdomoni mwa duara, mchana kweupe, mkono juu ya pampu. Dhahabu ikitaka kukimbia, na ikimbie. Kaka yangu atatoka humo kwa miguu yake.

Nisalimie Baba mdogo Muhidini, na Swaumu umwambie mtoto wake namsubiri huku likizo. Mama anakusalimu, ingawa hajui nimeandika haya. Mungu akupe afya na akuzidishie subira, hasa kwangu. Usiniombee msamaha kwa mtu yeyote. Niombee dua.

Mwanao akupendaye hata tukibishana,
Zuhra