Mapigo Themanini na Mawili

Temeke, 9 Machi 1956

Kaka Theonest,

Shikamoo. Mvua zimeanza, ila kibanda changu cha cherehani hakivuji.

Ulimwambia mama mikono yangu inatetemeka kwa ulevi, nirudishwe Bukoba. Daktari kaona ni tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi. Kanipa vidonge. Jirani yangu Mhindi, Mama Jayanti, akaniongezea yoga: kunyoosha mgongo na kupumua polepole.

“Mwanamke wee, unapumua kama unakimbizwa!” alinicheka.

Miezi mitano sijakosa asubuhi hata moja. Moyo uliokuwa ukipiga mara 124 kwa dakika, leo 82. Jana nimemaliza gauni la bibi harusi, na mkono umetulia tuli.

Sirudi. Kumweleza mama kwamba sikuwa mlevi ni kazi yako, kaka, na usimtume mtu.

Mdogo wako,
Kokushubila