Mwisho Nilioupa Mchezo wa Kanisa

Mutomo,
Mwisho wa mwezi

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Benchi lilikwaruza sakafu. Watu walikuwa wakipiga makofi, kina mama wa kwaya wamesimama, lakini mimi nilisikia mguu wa mbao juu ya saruji, mara moja tu, kama mtu ameinuka ghafla asijali benchi litaelekea wapi. Zimepita wiki tatu na bado nausikia nikisahihisha madaftari, nikichota maji, hata nikisali. Nitakuambia lilikuwa benchi la nani. Kwanza nikusalimu kama mtoto aliyelelewa.

U mzima? Lile goti la kushoto linaendeleaje? Na nyanya yangu, Susu, anakula, au bado anasukuma bakuli la muthokoi akisema chakula kigumu kiliumbiwa wenye meno? Huko Kathonzweni mvua imefika? Huku wingu linapita juu yetu likielekea Zombe, nasi tunalitazama kama mgeni aliyevaa vizuri akaingia kwa jirani. Mbuzi wa sokoni sasa wanakula maboksi. Mimi siumwi. Nimekonda kidogo, usishtuke ukiniona.

Naendelea kukuandikia kwa Kiswahili kwa sababu mwalimu wenu wa ngumbaru anawasomesha kwa Kiswahili, na uliniambia hutaki tena kusomewa barua na mtoto wa jirani. Mwezi huu nashukuru sana kwamba unasoma mwenyewe. Soma polepole, uwe peke yako, ndipo uamue kama Susu naye atasomewa.

Ulipowakatalia wajomba na kusema niachwe niandike kwanza, ndoa itangoja, ulinipa sharti moja: kila mwezi nikuambie kazi imefika wapi, kama kina mama wa mwethya, kikundi chenu cha kulima pamoja, mnavyopima matuta kwa hatua kabla ya kuweka majembe begani. Ulisema, "Mtu asiyeweza kuniambia shamba lake limefika wapi halimi, anatembea tu." Basi pima.

Hadithi za watoto, zile za sungura na fisi: zilikuwa saba, sasa ni tisa. Wasichana wa kidato cha kwanza hunihadithia jioni tukichagua mawe kwenye ndengu. Kuna mmoja wa Zombe ambaye fisi wake hulia machozi ya kweli. Tulicheka mpaka mwalimu mkuu akaja kuuliza kama kuna aliyeumwa na nyoka.

Hadithi ya redio, ile ya foleni ya kisimani, ilisomwa. Sikuisikia kwa sababu betri zangu zilikuwa zimekufa. Aliyeisikia ni mpishi wa shule, naye kesho yake akanisimulia hadithi yangu mwenyewe, ndani yake kuna ngamia.

"Hakuna ngamia," nikamwambia.

"Mwalimu, ngamia alikuwapo. Wewe uliandika tu, mimi nilisikiliza."

Nilicheka naye, kisha nikashinda siku nzima nikijiuliza kwa nini yeye aiamini kuliko mimi.

Riwaya imekwama sura ya tisa. Hapo ndipo mwanamke asiyejaliwa mtoto, mumewe amekufa, anapokwenda kuposa msichana amlete nyumbani kwake awe mke, azae watoto wa jina la boma lile. Unajua nilikoitoa. Nimeiandika mara nne. Mara ya pili nikampa yule mama mwana wa kubuni, eti ndiye mwoaji, anafanya kazi Mombasa. Mara ya tatu nikamfufua mume. Naandika mistari miwili, nasimama, nafagia chumba ambacho kimefagiwa, natembea hadi barabarani bila kwenda popote, narudi, nakuta mistari ni ile ile miwili. Nilipoingia shule ya bweni ulinifundisha niseme baba yangu alifariki. Nimesema hivyo miaka kumi na mitatu sasa, na nadhani mkono wangu nao umezoea kusema hivyo.

Sasa mchezo wa kanisa, ambao sikukueleza vizuri mwezi uliopita.

Anayetuletea maziwa walimu ni Mama Kalunde, mjane wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Nyumba yake ni kama yetu. Hakuzaa, akaoa iweto, mke wa mwanamke mwenzake, kwa desturi, na huyo mke wake, Mwende, amemzalia watoto watatu wanaomwita Susu kama mimi ninavyomwita Susu wangu. Mama Kalunde haoni haya hata kidogo. Akija na mkebe anakaa kwenye ngazi yangu na kusimulia. Alinieleza jinsi alivyopeleka mwenyewe mbuzi wa ntheo kwa kina Mwende, maana bila mbuzi hao hakuna ndoa, na jinsi mmoja alivyokaa chini katikati ya njia akakataa kwenda.

"Nikamtia mabegani, hivi. Nikaingia kwa wakwe nimevaa mbuzi. Kama kuna mtu angecheka, ningempiga na mbuzi huyo huyo!"

Nilicheka hadi maziwa yakamwagika. Wala sikumwambia kwamba mimi nami ni mtoto wa mbuzi kama hao. Nilisikiliza tu, na akiondoka naandika.

Pasta alipotaka mchezo kwa ajili ya siku ya kina mama, nilikuwa nao tayari kichwani. Niliandika mama mmoja, mke wake, watoto wao, na mwisho mama anakufa mzee, wajukuu wakigombania kumshika mkono. Pasta akausoma, akaukunja, akanirudishia kwa upole.

"Ni mzuri, mwalimu. Watu watacheka. Lakini mwisho wake haufundishi. Huyu mama lazima atubu, hiyo nyumba aiache."

Niliubadilisha mchana mmoja. Mimi ninayekaa na sura moja miezi miwili, Mwaitu, nilikaa chini baada ya chakula, na kabla ya kengele ya michezo yule mama alikuwa amepiga magoti, amemrudisha mke kwao na watoto wake, na kwaya inaimba. Kalamu ilikwenda mbio kama inateremka mlima. Ingenipasa nishtuke hapo.

Na yule mbuzi wa mabegani nikamwacha, kwa kuwa alikuwa anachekesha. Mutomo nzima inamjua mbuzi huyo. Mwigizaji alipoingia amembeba, kanisa lote likageuka kumtazama Mama Kalunde, naye akacheka kuliko wote, akapiga paja, akamgusa Mwende bega. Walikuwa benchi la tatu pamoja na watoto. Hakujua kinachokuja. Mwisho ulipofika, makofi yakaanza, na ndipo benchi lilipokwaruza. Walitoka wote watano. Mtoto mdogo alikuwa bado anageuka kutazama waigizaji.

Kesho yake maziwa hayakuja. Wala kesho kutwa. Siku ya nne nikaenda kwake nimebeba sukari, na nikamkuta anapepeta mbaazi. Hakunipa kigoda.

"Mwalimu. Karibu. Umekuja kuchukua nini tena?"

"Nimekuja kuomba msamaha, Mama. Ulikuwa mchezo tu."

"Mchezo ni ule wa mbuzi. Ule nilicheka, hukuniona nikicheka?" Akaendelea kupepeta. "Unajua huyu mdogo aliniuliza nini njiani? 'Susu, sisi tutaenda wapi?' Miaka yote wale watu wa kanisa wamenisema, wamechoka wakanyamaza. Hakuna aliyewahi kunifukuzia watoto. Wewe umewafukuza mbele ya watu, na ukapigiwa makofi."

Mwende alitoka jikoni, akanitazama, akarudi ndani bila salamu.

"Na ungekuwa hujui, ningesema msichana wa shule, hajui," akasema Mama Kalunde. "Lakini wewe nilikueleza kila kitu. Sikukuficha."

Nilikuwa na neno moja la kumjibu, Mwaitu, na wewe unalijua. Lilikaa chini katikati ya njia kama mbuzi wake. Nikaacha sukari juu ya jiwe, nikaondoka. Nilipogeuka kwenye kona, kuku walikuwa wanaidonoa pakiti.

Wiki iliyofuata pasta alikuja shuleni mwenyewe, amefurahi, kunipa habari kwamba mchezo umechaguliwa uende mjini Kitui, kwenye mkutano mkubwa wa kina mama, na kwamba kuna watu wanaotaka kuuchapisha uigizwe makanisa mengine. Nakwambia ukweli: nilifurahi. Kwa muda wa kutoka ofisini hadi darasani nilifurahi kabisa, nikaliona jina langu juu ya karatasi iliyochapwa. Halafu nikamwona mama yule akipiga magoti Kitui, Machakos, halafu Makueni, halafu nyumbani, na wewe na Susu mmekaa benchi la tatu.

Nisalimie Susu, umguse mkono kwa niaba yangu. Nisalimie mjomba fundi wa baiskeli, umwambie kalamu haijakatika bado, asinitafutie mchumba. Dada yangu aliyejifungua juzi, mwambie nitamlea mtoto likizo ya Agosti. Na kiongozi wenu wa mwethya, mama mwenye filimbi, mwambie huku nako watu wangelima vizuri wangekuwa na mtu wa kuwapigia filimbi.

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ya woga. Jumamosi iliyopita nilipita nyumba kwa nyumba kwa waigizaji, nikakusanya nakala zote sita za mchezo, nikisema nataka kuzisahihisha. Jumapili, wakati wa matangazo, pasta akaniita mbele niwatajie watu siku ya safari. Nikasema mchezo hautaenda. Nikasema mwisho ule niliuandika ili nipendwe, na kwamba mimi mwenyewe ni mtoto wa nyumba kama ile, na kama Susu wangu angefanya nilivyomfanyisha yule mama, mimi singekuwapo pale kusimama mbele yao. Mzee mmoja wa kanisa akasema, "Mwalimu, inatosha, keti." Sikuketi. Nikataja jina la Susu, Nthenya, nikataja lako, Kavinya, na Kathonzweni, ili wasidhani ni hadithi nyingine. Pasta akakohoa, akasoma zamu za kufagia.

Mama Kalunde hakuwapo. Haji kanisani tena, wala maziwa hayajarudi, na mke wa pasta sasa hunisalimu akitazama viatu vyangu. Nakala zote sita nimezichoma jikoni kwa shule. Sura ya tisa niliianza upya Jumatatu, na mwana wa Mombasa hayumo.

Sikukuomba ruhusa. Barua kuja na kurudi ingechukua wiki tatu, na katika wiki hizo ningepata sababu nzuri ya kunyamaza. Ile ilikuwa siri yako kabla ya kuwa yangu, na nimeitoa bila wewe. Kama unanikasirikia, una haki. Lakini watu wa Mutomo wana jamaa huko, na neno hili litakufikia sokoni, labda limetangulia barua hii. Wakikuuliza baba wa Mwikali ni nani, usihangaike kutafuta la kuwaambia. Nimekwisha kuwajibu.

Ni mimi mwanao,
Mwikali